NJIA STATIKI YA MULTIKASTI: INATAZAMA NYUMA, HAITAZAMI MBELE



Tokea mashini zifungwe katika jengo la chini, kuko swali moja linalorudi kila jioni: "Ping inajibu, faili zinapita, sasa juu ya nini somo la video halifiki?" Nimeulizwa hilo mlangoni pa chumba cha kulia, nimeulizwa hata kwenye mstari wa maji. Buletini ni fasi nzuri ya kujibu watu wote mara moja. Na kujibu watu wote mara moja, njo habari yenyewe ya somo hili.

Wale wa kalasi ya tatu na ya nne wasiogope. Mtu anayejua kwamba kila mashini ina adresi yake, na kwamba rutere ni chombo kinachosoma adresi na kuchagua njia, amejua ya kutosha kwa kuanza. Wale wa kalasi ya sita wachukue kalamu, kwani hesabu ziko, na mwishoni kuko zoezi.

Tuanze na hesabu.

Katika jengo la juu kuko mashini kubwa inayoshika masomo ya hesabu na fizikia yaliyorekodiwa. Katika jengo la chini kuko mashini 36. Somo moja linachukua dakika 50, na video yake inakula megabiti 2 kila sekunde. Kable inayounganisha majengo mawili inaruhusiwa kubeba megabiti 20 kila sekunde, zaidi hapana.

Kama kila mashini inaomba somo peke yake, mashini kubwa inalipeleka mara 36. Namna hiyo inaitwa unikasti: mmoja kwa mmoja. Mara 36 kwa megabiti 2 ni megabiti 72. Haziingii katika 20. Picha inasimama, sauti inakatika, kila mtu anapiga kelele kwamba mashini yake ni mbovu, kumbe mashini zote ni nzima. Basi wengine wanasema, tufanye zamu. Sawa, tupige hesabu ya zamu: megabiti 20 zinatosha mashini 10 kwa mara moja. Mashini 36 ni zamu nne. Zamu nne za dakika 50 ni dakika 200, maana yake saa tatu na dakika 20. Jenereta yetu inawaka saa mbili. Kwa hiyo kila jioni kuko watu ambao hawataona somo, na Exetat haitamwuliza mtu kama alikuwa katika zamu ya nne.

Angalieni pia kwa mega, kwani mega kila mtu anaijua. Dakika 50 ni sekunde 3.000. Mara megabiti 2, ni megabiti 6.000. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 750. Somo moja ni mega 750. Likipita mara 36 kwenye kable ileile, ni mega 27.000, yaani giga 27, na ndani yake kuko kitu kilekile mara 36. Hiyo ni hasara ambayo hata mama muuza unga hangeikubali.

Multikasti ni dawa ya hasara hiyo. Mashini kubwa inatoa kopi moja tu. Kopi hiyo inatembea peke yake mpaka pale njia inapogawanyika, na pale tu ndipo rutere inafanya kopi nyingine. Ni kama stensili ya buletini hii: hatukupiga mashini ya kuandika mara mia, tuliandika mara moja, na kopi zimefanyika karibu na wasomaji. Kati ya majengo mawili zinapita megabiti 2, ikiwa wasikilizaji ni 36 au 360.

Namna watu wanavyojiandikisha

Katika multikasti, adresi ya kufikia haiko adresi ya mashini. Ni adresi ya kikundi. Adresi za vikundi zinaanza kwa 224.0.0.0 na kuisha kwa 239.255.255.255. Zile zinazoanza kwa 239 zimewekwa kwa matumizi ya ndani ya rezo ya mtu mwenyewe, kwa hiyo sisi tunachukua humo. Katika somo hili kikundi chetu ni 239.1.1.5.

Hakuna mtu anayeshika orodha ya majina ya kikundi. Mashini kubwa haijui nani anaisikiliza. Mashini ya mwanafunzi inasema kwa rutere iliyo karibu: "Nataka 239.1.1.5." Lugha ya kusema hivyo ni IGMP. Rutere nayo inageuka na kuomba kwa rutere inayofuata, na ile kwa nyingine, mpaka kwenye chanzo. Lugha ya rutere kwa rutere ni PIM. Steve Deering, aliyekuwa anasoma katika chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, ndiye aliyeandika kanuni ya mashini kuingia katika vikundi, na kanuni hiyo ilitolewa mwaka 1989. Mpaka leo mpango ni uleule: anayetaka anaomba, asiyetaka haletewi.

Sasa mshike neno hili, kwani ndiyo mlango wa mambo yote: ombi linatembea kinyume cha video. Video inashuka toka chanzo kwenda kwa wasikilizaji. Ombi linapanda toka kwa wasikilizaji kwenda kwenye chanzo. Na video haipiti fasi nyingine. Inafuata nyayo za ombi.

Juu ya nini rutere inauliza "umetoka wapi?"

Paketi ya unikasti ikipotea njia na kuanza kuzunguka, ni moja tu inayozunguka. Paketi ya multikasti ni hatari zaidi, kwani kila njia panda inazaa. Chora rutere tatu zilizoungana pembe tatu. Ya kwanza inapokea paketi na kuipeleka kwa ya pili na ya tatu. Ya pili inaipeleka kwa ya tatu, ya tatu kwa ya pili, kisha zote mbili zinairudisha kwa ya kwanza, nayo inaanza tena. Kwa muda mfupi sana mistari yote imejaa kopi za paketi moja.

Yogen Dalal na Robert Metcalfe (huyu wa pili ni mmoja wa waliovumbua Ethernet) walitoa mwaka 1978 maandishi juu ya kanuni ya kuzuia jambo hilo. Kanuni yenyewe ni fupi: rutere ikipokea paketi ya watu wengi, isitazame kwanza inakokwenda, itazame ilikotoka. Ijiulize: "Kama mimi ningetaka kurudi kwa huyu aliyeituma, ningepita mlango gani?" Kama paketi imeingia kwa mlango huohuo, ni halali, inapelekwa mbele. Kama imeingia kwa mlango mwingine, inatupwa hapohapo, bila kelele. Kanuni hiyo kwa kifupi inaitwa RPF.

Mimi nikiwa mlangoni usiku nafanya vilevile. Mtu akisema anatoka kwenye chumba cha masomo, sharti aingie kwa mlango wa upande wa chumba cha masomo. Akiingia kwa mlango wa upande wa bustani ya mihogo, hata akiwa na daftari mkononi, maneno yake hayakubaliki.

Rutere inajua namna gani mlango wa kurudi? Inatazama orodha yake ya njia za kawaida, zile za unikasti. PIM haina orodha yake ya njia. Inaazima ile iliyopo. Mara nyingi kuazima huko kunatosha, na hakuna mtu anayelazimika kuandika kitu. Lakini kuko rezo ambazo njia ya paketi za kawaida na njia ya multikasti haziwezi kuwa moja. Yetu ni mojawapo.

Chora pamoja nami

Upande wa kushoto andika rutere A, jengo la juu. Nyuma yake kuko rezo 10.1.1.0, na mashini kubwa ni 10.1.1.10. Upande wa kulia andika rutere B, jengo la chini, na nyuma yake mashini 36 katika rezo 10.2.2.0.

Kati ya A na B kuko mistari miwili. Wa kwanza ni ile kable: toka A inafika kwenye chombo X, na toka X inafika B kwa rezo 192.168.20.0, ambamo X ni 192.168.20.1. Chombo X ni cha watu wengine, tunakikodi, hatuna ruhusa ya kukigusa, na hakisemi PIM hata neno moja. Mstari wa pili ni redio, inayotoka A moja kwa moja mpaka B juu ya bonde, rezo 192.168.30.0: A ni 192.168.30.1, B ni 192.168.30.2. Redio inabeba megabiti 10 tu, kwa hiyo orodha ya njia za kawaida inasema: kwenda 10.1.1.0, pita X.

Mwanafunzi anafungua video katika jengo la chini. Mashini yake inamwambia B: "Nataka 239.1.1.5." B anatafuta mlango wa kurudi kwa 10.1.1.10. Orodha inamjibu: X. B anatazama X: si jirani wa PIM. Hakuna wa kuombwa. Basi ombi haliondoki. Redio iko wazi kabisa, haina kazi, lakini B haioni, kwani orodha yake haimwambii kutazama huko. Na hata kama A angesukuma video kwa nguvu kupitia redio, B angeitupa: imeingia kwa mlango usio wa kurudi.

Njo maana ping inajibu na video haiko. Ping ni unikasti, inapita X vizuri sana. Kujibu kwa ping ni ushuhuda wa kable, haina ushuhuda wowote juu ya multikasti.

Amri yenyewe

Hapa ndipo njia statiki inahitajika, maana yake njia ambayo mtu anaiandika na mkono wake. Kwenye rutere za Cisco, na nyingine zinazofuata lugha yao, sharti kwanza multikasti iwashwe kwa rutere nzima, halafu PIM iwashwe kwenye kila mlango unaohusika. Kisha rutere zote zionyeshwe fasi moja ya kukutania, ambapo maombi na video vinakutana kabla B hajajua chanzo ni nani. Sisi tunachagua A kuwa fasi hiyo, kwa adresi 10.1.1.1. Maneno ya amri hayageuzwi, yanaandikwa vile yalivyo:

ip multicast-routing
ip pim sparse-mode
ip pim rp-address 10.1.1.1

La kwanza na la tatu ni kwa rutere nzima, la pili ni ndani ya kila mlango: kwa A upande wa mashini kubwa na upande wa redio, kwa B upande wa redio na upande wa mashini 36. Hayo yakiisha, kuko mstari mmoja tu uliobaki:

ip mroute 10.1.1.0 255.255.255.0 192.168.30.1

Sasa, kabla ya kusoma mbele, kila mtu aandike kwenye karatasi: mstari huu unaandikwa kwenye A au kwenye B?

Wengi wanasema A. Wanafikiri hivi: video inatoka kwa A, kwa hiyo sharti A aonyeshwe njia ya kuipeleka. Ndivyo tulivyozoea kwa njia za kawaida. Ukiandika njia ya kawaida unasema: "Paketi zinazokwenda kule, zipitishe huku." Lakini mstari huu hausemi hivyo. Tuusome neno kwa neno. 10.1.1.0 si adresi ya kikundi, ni rezo ya chanzo. Kikundi 239.1.1.5 hakitajwi hata kidogo, na mwenye kukiandika pale ameandika kitu kisicho na maana. 192.168.30.1 si fasi ya kutuma, ni jirani ambaye video sharti itoke kwake. Mstari wote kwa Kiswahili chetu unasema: "Multikasti za watu wa 10.1.1.0, zikubali zikitoka kwa jirani 192.168.30.1, na maombi yao uyapeleke kwake."

Kwa hiyo unaandikwa kwenye B. Anayepokea ndiye anayeambiwa atazame wapi. A hahitaji kuandikiwa kitu, kwani mashini kubwa imefungwa kwake mwenyewe. Mlango wa kurudi anaujua. Atajua kupeleka video kwenye redio siku B atakapomwomba kupitia redio, si mbele ya hapo.

Njia ya kawaida inajibu swali "unaenda wapi?" Njia statiki ya multikasti inajibu swali "umetoka wapi?" Amri hizi mbili zinafanana sana kwa macho, ip route na ip mroute, herufi moja tu inazitenganisha, na nadhani njo sababu watu wanaokesha usiku juu yake ni wengi.

Baada ya kuandika, mwulize B:

show ip rpf 10.1.1.10

Kwanza hakuwa anaonyesha mlango wa redio. Sasa sharti ajibu mlango wa redio, jirani 192.168.30.1, na kwamba habari hiyo imetoka kwenye njia statiki. Kisha show ip mroute 239.1.1.5: kwa B, mlango wa kuingilia uwe redio, kwa A, redio iwe kati ya milango ya kutokea. Mkiona hivyo, megabiti 2 ziko juu ya bonde na mashini zote 36 zinaona ubao uleule kwa dakika ileile. Faili na ping zinaendelea kupita X kama zamani, kwani ip mroute haigusi paketi za kawaida. Redio ambayo ilikuwa imelala imepata kazi, na kable imepumua.

Mwalimu mmoja aliniuliza kama si afadhali kuandika 0.0.0.0 0.0.0.0 mahali pa 10.1.1.0 255.255.255.0, kusudi tukamate vyanzo vyote bila kuhesabu. Itafanya kazi leo. Lakini njia statiki ya multikasti inachukuliwa kwa umbali 0, maana yake rutere inaiamini kuliko njia zilizofundishwa na majirani. Siku jengo la chini litakapopokea video kutoka upande mwingine, mstari ule mpana utasema "redio tu", hata kama chanzo kiko kwingine kabisa. Mimi naona afadhali mstari mwembamba. Angalieni pia kwamba fasi ya kukutania, 10.1.1.1, iko ndani ya rezo ileile ya chanzo, kwa hiyo mstari mmoja umetumikia zote mbili. Ingekuwa kwingine, ingehitaji mstari wake, kwani ombi la kwanza linapanda kwenye fasi ya kukutania na linafuata kanuni ileile ya mlango wa kurudi.

Waliotangulia

Kuandika njia za multikasti na mkono si jambo la rezo ndogo tu. Mnamo Machi 1992, huko San Diego, Marekani, mafundi wa intaneti walikuwa na mkutano wao wa IETF, na sauti ya vikao ilipelekwa kwa multikasti mpaka fasi 20 katika mabara matatu. Rutere za wakati ule hazikujua multikasti, kama X yetu. Basi walitumia mashini za Unix zenye programu mrouted, na kati yao wakachimba mashimo ya kupitia chini ya rutere zile: paketi ya multikasti inavishwa sura ya paketi ya kawaida, inapita bila kujulikana, upande wa pili inarudishwa kuwa multikasti. Kila shimo lilikuwa mstari ulioandikwa na mtu katika faili, ncha hii na ncha ile. Rezo hiyo iliitwa MBone. Mwaka 1994 ilibeba hata sehemu ya tamasha ya Rolling Stones.

Shimo la namna hiyo lingetufaa na sisi kama tusingekuwa na redio: tungelichimba toka A mpaka B kupitia X, na ip mroute ya B ingeonyesha ncha ya shimo upande wa A mahali pa redio. Sababu ni ileile.

Kwa wenye mashini za Linux

Si kila mtu ana Cisco. Mashini nzee yenye kadi mbili za rezo na Linux inaweza kuwa rutere ya multikasti kwa programu SMCRoute, na katika faili yake smcroute.conf unaandika:

mgroup from eth0 group 239.1.1.5
mroute from eth0 group 239.1.1.5 source 10.1.1.10 to eth1

Mwangalie vizuri, hii si ndugu pacha wa ile ya Cisco. Hapa mstari unasema yote: mlango wa kuingilia, kikundi, chanzo, na mlango wa kutokea. Hakuna PIM, hakuna kuombana. Video inatoka kwa eth1 hata kama hakuna anayeangalia, na kwenye mstari mwembamba hilo ni hasara. Lakini swali la "umetoka wapi?" halikutoweka. Liko katika neno from. Na Linux yenyewe ina mlinzi mwingine anayeitwa rp_filter: akiwa kwenye 1, anatupa paketi yoyote iliyoingia kwa mlango usio wa kurudi, hata kama faili ya SMCRoute imeandikwa bila kosa. Katika rezo yenye njia mbili kama yetu, mlinzi huyo awekwe kwenye 0 au 2 kwa mlango unaohusika.

Mambo yanayodanganya macho

Kila paketi inabeba hesabu ya uhai wake, TTL, na kila rutere inapunguza moja. Programu nyingi zinatuma multikasti kwa TTL 1 kama hukuziambia kitu. Paketi hiyo inafia kwenye A, na mtu anatafuta kosa kwenye ip mroute usiku mzima. Kwa kupita A na B sharti TTL iwe angalau 3: A anaiacha 2, B anaiacha 1. Sisi tunaweka 8, kusudi kubaki na akiba.

Jirani aliyetajwa katika ip mroute sharti awe yule anayeonekana katika show ip pim neighbor, kwa adresi ileile ya mlango ule. Ukitaja adresi nyingine ya A, hata kama ping inaijibu, ombi halina wa kulipokea.

Kwa wenye simu: multikasti juu ya wifi inatumwa polepole, na isiposikika hairudiwi. Kwa kable ni nzuri, kwa wifi ya kalasi iliyojaa watu itakusikitisha. Na msiote kupeleka somo toka hapa mpaka Lubumbashi kwa njia hii kwa mega za kununua. Intaneti ya watu wote haibebi multikasti, na mwaka 2020 IETF yenyewe ilitoa shauri la kuacha, kati ya rezo za wenye mbalimbali, ile multikasti ya kikundi kisichotaja chanzo. Inaishi ndani ya nyumba ya mtu: katika televisheni za kampuni za simu huko Ufaransa, katika masoko ya hisa, na katika rezo kama hii yetu.

Tena, njia iliyoandikwa na mkono haijifunzi. Mtu akibadilisha adresi ya redio ya A, B ataendelea kumwomba mtu ambaye hayuko. Nimebandika karatasi ndani ya kabati ya rutere B, ina mstari wa amri, tarehe, na sababu yake. Anayegusa adresi asome kwanza pale. Sisi wa kalasi ya sita tunaondoka mwaka huu, na rutere haitawaambia wenye kubaki juu ya nini mstari ule uko.

Zoezi

Jengo la tatu linapata rutere C. C ina mstari kwenda B kwa rezo 192.168.40.0, ambamo B ni .1 na C ni .2. Ina pia kable kwenda X kwa rezo 192.168.50.0, na orodha yake ya njia za kawaida inasema: kwenda 10.1.1.0, pita X. Wanafunzi wa jengo la tatu wanataka 239.1.1.5.

(a) Mstari gani wa ip mroute unahitajika, na kwenye rutere gani?
(b) Kwa B, unaongeza ip mroute nyingine, au kitu kingine? Eleza.
(c) TTL ndogo kabisa itakayofika jengo la tatu ni ngapi?
(d) Mtu ameandika kwenye B ip mroute inayoonyesha C, na kwenye C ip mroute inayoonyesha B, zote kwa 10.1.1.0. Eleza nani anamwomba nani, na wanafunzi wanaona nini.

Majibu niletewe kabla ya Ijumaa jioni, karatasi moja kwa kila kalasi, na jina la kiongozi wa kalasi juu.